Nyuki wa Visiwani na Suala la Nasibu na Kadari

Katika kitabu chake mashuhuri juu ya Mji wa Mungu, alichokianza mwaka 413 na kukimaliza takriban miaka kumi na mitatu baadaye, Askofu Augustino wa Hippo, mji ambao leo huitwa Annaba na umo katika pwani ya Aljeria, alisimama kidogo kulitazama suala ambalo msomaji mwenye haraka angeliona dogo mno kwa mtu wa cheo chake: ikiwa gharika iliwafuta wanyama wote wa nchi kavu isipokuwa wale waliomo safinani, basi mbwa-mwitu na hayawani wengineo walifikaje katika visiwa vilivyo mbali na bara? Hakulipuuza, wala hakulijibu kwa neno moja. Alisema kuwa huenda waliogelea mpaka visiwa vya karibu. Huenda watu waliwachukua kwa ajili ya mawindo. Wala hakukana kwamba malaika, kwa amri ya Mwenyezi Mungu au kwa idhini yake, waliweza kuwahamisha. Na mwisho akataja kuwa yamkini ardhi yenyewe iliwatoa, kama ilivyowatoa wa kwanza. Zaidi ya miaka 1,500 imepita tangu hapo, na suala lingali hai, tena limezidi uzito, kwa sababu leo wako watu wanaoweza kuisoma safari ya kiumbe ndani ya mwili wa kizazi chake, na wanayoyasoma yanamtaka kila mwenye imani aseme waziwazi anakusudia nini anapotamka kuwa jambo limekadiriwa.

Visiwa vya Hawaii vimo katikati ya Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka bara lililo karibu navyo, na havikupata kamwe kuungana na bara lolote, kwani vilizuka kutoka vilindini kwa nguvu ya moto wa volkeno, kimoja baada ya kingine, hata ikawa Kauai, kilicho upande wa kaskazini-magharibi, kina umri wa takriban miaka milioni tano, ilhali kile kikubwa cha kusini-mashariki, ambacho jina lake ndilo la funguvisiwa zima, hakijatimiza hata milioni moja, na moto wake haujazimika. Kila kiumbe cha nchi kavu kilichokuwako huko kabla ya binadamu, basi, ama kilichukuliwa na hewa, ama kilichukuliwa na maji, ama kilizaliwa na waliokuja hivyo. Na katika nyuki wote wa dunia, ambao wataalamu huhesabu aina zao kupita 20,000, ni kundi moja tu lililowahi kufika huko bila ya kuletwa na mtu, nalo ni la jenasi ya Hylaeus.

Aliyezoea nyuki wa mizinga hangemtambua huyu kuwa ni nyuki. Ni mdogo, mweusi, hana manyoya ila machache, na mtu akimwona akirukaruka juu ya ua la pwani atamdhania nyigu mchanga. Dume ana alama ya manjano usoni, kana kwamba amevaa kinyago. Hana malkia, hana watumishi, hatengenezi nta wala hawekei watu asali. Jike hufanya kazi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho: chavua haibebi miguuni, bali huimeza pamoja na mbochi na kuichukua tumboni mpaka kwenye tundu lake, ambalo huwa ndani ya kijiti kilicho wazi, au tobo lililoachwa na mdudu mwingine, au ufa wa jiwe, au mapengo ya vipande vya matumbawe yaliyotupwa ufukweni. Humo, kwa ulimi wake mfupi uliopasuka ncha, huzipaka kuta ute unaotoka mwilini mwake, na ute ule ukikauka huwa utando mwembamba, mwangavu, usiopenya maji. Kisha hukitapika chakula hali ni cha majimaji, hutaga yai juu yake, huziba, na kuanza chumba kingine. Nawaomba wasomaji wauweke utando huo katika fikira zao. Kijiti chenye vyumba vilivyozibwa namna ile, kikikatika na kuangukia baharini, kinaweza kuelea muda usio mchache na waliomo ndani wasilowe, na wataalamu wengi wanaona kuwa hiyo ndiyo merikebu ambayo Augustino hakuipata alipokuwa akiwaza.

Mwaka 1892 Robert Cyril Layton Perkins, kijana wa Kiingereza aliyetumwa na jumuiya za wanazuoni wa nchi yake kukusanya wanyama wadogo wa Hawaii, alianza kuwakamata nyuki hawa na kuwaeleza mmoja mmoja, na akaona kwa macho yake kuwa wanafanana kama ndugu. Hesabu ya aina zao leo imepita 60, wote wakiwa ni wa visiwa vile tu. Lakini kufanana si ushahidi unaokata shauri, maana viumbe wasio na udugu wa karibu hufanana wakikaa mahali pamoja na kula chakula kimoja. Na ndipo ilipolazimu kungoja zaidi ya karne nzima, mpaka Karl Magnacca na Bryan Danforth, huyu wa pili akiwa wa Chuo Kikuu cha Cornell, walipotangaza mwaka 2006 matokeo ya kuvisoma vinasaba vya nyuki hao, na hasa vile vya mitokondria, ambavyo mwana huvipokea kwa mamaye tu na baba hana sehemu humo.

Namna ya kusoma huko haina muujiza. Waliopata kushughulika na miswada ya zamani ya pwani yetu, tenzi na kasida zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu kutoka mkono hadi mkono, wanajua kwamba kila mwandishi huongeza kosa lake dogo, na anayefuata hulinakili kosa lile kwa uaminifu uleule anaonakili maneno yaliyo sahihi. Kwa hiyo nakala mbili zikikutwa na kosa moja mahali pamoja, mtu ana haki ya kusema kuwa zimetoka katika nakala moja iliyozitangulia, hata kama nakala hiyo imekwisha kuliwa na mchwa. Vinasaba navyo hunakiliwa kizazi baada ya kizazi, navyo hupata makosa, na makosa hurithiwa. Waliolinganisha nyuki wa Hawaii wakaona alama walizoshirikiana wote, kisha wakaona zile za wachache, na kwa kuwa umri wa visiwa unajulikana kutokana na mawe yake, wakaweza hata kukisia nyakati. Hukumu yao ilikuwa kwamba aina zote zile zimetokana na mzazi mmoja, aliyefika mara moja, tena zamani zisizo mbali kwa hesabu za dunia, yaani miaka isiyofikia milioni moja. Na kwamba jamaa zake wa karibu wako upande wa Asia ya Mashariki na Japani, mwendo wa maelfu ya kilomita kwa bahari tupu.

Haiwi insafu kuyataja hayo bila kutaja na taabu yake. Mwaka 2010 Magnacca, akishirikiana na mwenzake, alieleza jambo lililoleta tabu kwa wote waliodhani kuwa kusoma vinasaba ni kama kusoma jina mlangoni: katika wengi wa nyuki hawa nyuki mmoja hubeba mitokondria za namna mbili au zaidi, ambapo kanuni ilikuwa kila mtu na yake moja aliyoachiwa na mamaye, hata ikawa sehemu ileile ya mwili mmoja inatoa maneno mawili yanayopingana. Kazi ya kupambanua aina kwa kipande kifupi cha vinasaba ikawa ngumu hapo, na ilibidi kurudia miili, mabawa, na alama za nyuso, kama alivyofanya Perkins. Mimi nimeipenda sana habari hii, kwa kuwa wenyewe ndio walioifichua, na elimu inayotangaza mashaka yake ina haki ya kuaminiwa inaposema kuwa ina yakini.

Sasa tuje kwenye kiini cha suala. Mtaalamu wa jenetiki akiulizwa kwa nini nyuki yule wa kwanza alifika Hawaii, atajibu kuwa ni nasibu, na neno hilo ndilo linalowauma wengi wa watu wa dini. Yafaa kwanza tujue anasema nini. Hasemi kuwa tukio lile halina sababu, kwa kuwa upepo una sababu zake, na mkondo wa bahari, na kuoza kwa tawi. Asemalo ni kwamba sababu hizo hazikuwa na habari ya haja ya nyuki, upepo haukuvuma ili kumfikisha. Charles Darwin, aliyeshughulika na masuala haya kwa subira ya ajabu, alizitia mbegu za mimea katika maji ya chumvi ili aone ni ngapi zingestahimili safari ya baharini, na katika kitabu chake cha mwaka 1859 akaeleza kuwa kati ya aina 87 aina 64 ziliota baada ya kukaa humo siku 28. Tazama ukubwa wa maana ya jaribio hilo dogo: kwa visiwa vya karibu na kwa vya mbali, bahari ilikoma kuwa ukuta na ikawa njia, lakini njia ambayo wapitao hawaongozwi na yeyote anayeonekana.

Wako wanaolimaliza jambo hili upesi kwa kusema kuwa elimu inatuambia namna ya mambo na dini inatuambia makusudio yake, na kwamba hizo mbili hazikutani. Sikubaliani nao. Zinakutana, tena hapa hapa, kwa sababu kwa kijiti kimoja kilichofika lazima tukubali vijiti visivyohesabika vilivyozama, kila kimoja na mabuu yake ndani ya utando wake mwangavu uliotengenezwa kwa ufundi uleule. Na hata kile kilichofika kilikuwa katika hatari, kwani kwa nyuki waliochunguzwa jambo hili, mayai yasiyorutubishwa huwa madume, na yaliyorutubishwa huwa majike ikiwa tu yamepata kwa baba na kwa mama alama mbili zilizo mbalimbali, hivyo kizazi cha ndugu wachache waliooana wenyewe kwa wenyewe hutoa madume yasiyo na manufaa badala ya majike, na aghalabu huangamia. Anayesema kuwa Mola alimkadiria yule mmoja afike, hana budi aseme pia kuwa aliwakadiria wale wengine wasifike. Hapo ndipo palipo na uzito, na kupakwepa si ucha Mungu.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alidai katika hoja yake iliyo mashuhuri juu ya moto na pamba kuwa hatuoni kwa macho yetu kwamba moto ndio unaochoma, tunaona tu kuwa kuungua kumetokea pamoja na kugusana, na kwamba mtendaji wa kweli ni Mungu kila mara. Naye Ibn Rushd wa Cordoba, aliyemjibu baada ya hapo, akasema kuwa mwenye kuondoa sababu ameiondoa na akili. Kwa habari ya nyuki wangu sihitaji kuamua kati ya mabingwa hawa. Ninaloliona ni kwamba wote wawili wangelikataa wazo lililofichama chini ya malalamiko ya leo, nalo ni kuwa Mungu hufanya kazi katika yale tu yasiyo na maelezo, na kuwa kila tunapoeleza jambo tumempunguzia mahali. Kwa Ghazali, upepo wa kila siku na muujiza ni sawa katika kumhitaji Mtendaji. Kwa Ibn Rushd, mpango wa sababu ndio dalili yenyewe. Hakuna hata mmoja wao ambaye angetikisika akisikia kuwa nyuki alifika kwa upepo usiomjua.

Na vile vijiti vilivyozama? Watu husema ni israfu, na kwamba Mwenye hikima hafanyi israfu. Lakini israfu ni kosa la mwenye akiba inayopungua. Mimi nikimwaga kibaba cha mchele nimewanyima wanangu, ilhali aliyemwaga nyota mbinguni hakumnyima mtu. Hatuwezi kuipima hazina isiyopungua kwa kibaba chetu. Haya nayaamini, wala siyatoi kama kinga ya maneno. Hata hivyo sikubali kudai kuwa yameniondolea uzito wote, kwani buu lililokufa baharini halikujua habari ya hazina, na mtu mwenye huruma hawezi kulipita hilo kama hakuliona.

Liko jambo jingine, na kwa Mwislamu hili ni karibu zaidi. Kurani ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la nyuki, ya 16, na katika aya ya 68 na ya 69 yaelezwa kuwa Mola alimpelekea nyuki wahyi juu ya makazi yake na mapito yake. Wafasiri wengi waliueleza wahyi huo kuwa ni ilhamu iliyotiwa katika maumbile, ambayo kwayo nyuki hujua asilofundishwa. Je, tukikuta ilhamu hiyo imeandikwa katika vinasaba, tumeigeuza kuwa kitu duni? Mwaka 2017 watafiti walisoma vinasaba vya nyuki 39 wa Afrika ya Mashariki, wengine wa misitu ya juu ya Mlima Kenya na Mlima Elgon, wengine wa nyika zilizo chini, na vilele hivyo kwa nyuki wa baridi ni visiwa kama vya baharini. Wakaona kuwa wale wa juu na wa chini karibu ni wamoja, isipokuwa vipande viwili virefu katika kromosomu ya 7 na ya 9, na katika kimojawapo zimo jeni za vipokezi vya oktopamini, kemikali inayohusika na kujifunza kwa nyuki na kutafuta kwake chakula. Msomi aliyepewa barua na sultani haioni barua kuwa si ya sultani kwa sababu ameijua karatasi na wino.

Kilicho kigumu zaidi ni hiki, na ndicho kinachonivuta nikae hapa. Kati ya nyuki wa Hawaii ziko aina tano ambazo majike yake hayakusanyi chavua kabisa: huingia katika tundu la jike wa aina nyingine ya Hylaeus, hutaga yai lake penye chakula alichokiweka yule, na mwana wa mgeni hukua kwa jasho la mwenye nyumba. Katika ukoo mzima wa Colletidae, wenye aina zaidi ya 2,000 duniani, hakuna wengine wanaojulikana kuishi hivyo. Na kwa kuwa nasaba inaonyesha wote wametoka kwa mzazi mmoja, aliyekuwa mchapakazi kama wenziwe, hatuwezi tena kusema kuwa hawa waliumbwa tangu mwanzo kwa njia hiyo. Wamekuwa hivyo, pale visiwani, katika muda usiofikia miaka milioni moja. Basi ilhamu yaweza kugeuka? Mwenye kufundishwa kujenga aweza kuja akafundishwa kuingia nyumba za watu?

Niliwahi kulileta suala hili kwa shehe mmoja wa makamo, mwenye kusomesha tafsiri, nikamwambia, "Shehe, hawa ni wezi." Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, mwizi ni yule aliyekatazwa. Huyu nani alimkataza?" Jibu hilo lilinitosha kwa upande wa lawama, maana taklifu haipo juu ya mdudu, na maneno yetu ya wizi na uvivu tunayavika viumbe ambao hawana mahakama. Lakini kwa upande wa hikima limeniachia kazi. Nilivyofikia mpaka sasa ni kuwa nilidhani kuumba ni kutoa vitu vilivyokamilika, kila kimoja na tabia yake isiyoondoka, na habari ya visiwa vile imenionyesha kwamba kilichotolewa ni kiumbe mmoja pamoja na uwezo wa kuwa sitini na zaidi, wa mwambao na wa mlimani, wa matumbawe na wa vijiti, wenye kuchuma na wenye kunyemelea. Anayemtukuza Muumba kwa sababu alifanya sitini mara sitini, sijui kwa nini asimtukuze zaidi kwa kuwa alifanya mmoja na sitini wakawamo ndani yake.

Hapa nataka kuwaonya ndugu zangu wapendao kuifungamanisha aya na utafiti wa jana. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza kuwa asili ya nyuki wa asali tunayemjua ni Afrika, na wengi wetu tulifurahi. Mwaka 2021 wengine, kwa vinasaba vingi zaidi, wakasema hapana, ni Asia. Hata nyuki mweusi wa Bukini, ambaye Latreille alimpa jina la kitaalamu tangu mwaka 1804, na ambaye udugu wake na wa Ngazija na visiwa vya jirani umechunguzwa sana katika miaka ya karibuni, huenda historia yake ikaandikwa upya. Imani iliyotundikwa juu ya msumari wa namna hiyo itaanguka msumari ukichomolewa, ingawa haikuwa na haja ya kutundikwa hapo.

Tarehe 30 Septemba 2016 serikali ya Marekani iliziingiza aina saba za nyuki hawa wa Hawaii katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na ndio nyuki wa kwanza wa nchi ile kuandikwa humo. Sababu ni zile zijulikanazo: fukwe zilizojengwa, nguruwe waliokwanyua misitu, moto, mimea migeni, na zaidi ya yote chungu, ambao asili yao si Hawaii na ambao nyuki anayetaga ndani ya kijiti hana silaha ya kuwazuia. Nimemsikia mtu akisema kuwa kama walifika kwa kadari basi na wapotee kwa kadari. Kauli hiyo ina jibu la zamani. Khalifa Omar bin al-Khattab, alipokuwa njiani kwenda Shamu na habari za tauni zikamfikia, aliamua kurudi na watu wake, na Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kuingia nyingine. Kadari haikumfungia mlango wa kutenda. Uamuzi wake wa kurudi nao ulikuwa ndani yake.

Utafiti ule wa 2006 una neno la kusema hapa, kwa kuwa umeonyesha kuwa katika umri wote wa visiwa vile, miaka milioni tano kwa Kauai peke yake, mzazi wa nyuki hawa alifika mara moja, wala hakuna dalili ya wa pili aliyepata kukita. Aina inayopotea pale haina bara linaloweza kuileta tena. Huko Oahu watafiti wametengeneza vibao vya mbao vilivyotobolewa matundu membamba kwa kipimo cha mwili wa nyuki mmoja wa pwani, wakavitundika karibu na ufuo, na kupaka kitu cha kunata mahali vinaposhikiliwa ili chungu wasipande, na majike wamekuja wakayapaka matundu hayo utando wao na kutaga.